Deki Yenye Midomo Miwili

Idara ya Burudani za Majumbani iliwatangazia wananchi wote, kwa heshima na taadhima, kwamba furaha ya nyumbani sasa imewekewa utaratibu. Mwenye deki ya kanda za video angepewa kibali chekundu. Mwenye deki ya diski angepewa kibali cha bluu. Asiye na deki angepewa barua ya kumtia moyo. Wananchi walilisikia tangazo hilo redioni, wakaendelea kufurahi bila kibali chochote mpaka wakaguzi walipoanza kupiga hodi.

Mkaguzi aliyeaminiwa kuliko wote aliitwa Kifungu. Si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na wenzake ofisini, kwa sababu hata akiombwa chumvi mezani alitaka kwanza kujua anaombwa kwa kifungu gani. Alikuwa mtu mwema. Shida ya kazi yake ni kwamba kila nyumba aliyoingia, starehe ilikuwa imeshatoka kwa mlango wa nyuma. Runinga imezimwa, watoto wamekaa wima kama wako msibani, na mwenye nyumba anaapa kwamba humo ndani hajacheka mtu tangu mwaka jana. Miaka yote hiyo Kifungu alikagua burudani, na hakuwahi kuburudika.

Siku moja akatumwa kwa fundi cherehani, mama wa makamo aliyeshona sare za shule sebuleni kwake. Habari zilizofika idarani zilisema ana deki moja inayokula kanda na diski pia. Kifungu alidhani ni uzushi wa majirani. Alipoingia, alimkuta Fundi akiwa na pini mdomoni, na kwenye kochi mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi. Bibi alimkaribisha vizuri sana, ila alimwomba asipite mbele ya runinga.

Kifungu alichutama mbele ya deki. Upande wa kushoto palikuwa na kijilango cha kanda. Upande wa kulia palikuwa na kisahani cha diski. Alikifungua, akakifunga, akakifungua tena.

“Hii ni deki ya kanda au ya diski?”

“Zote mbili,” Fundi akasema.

“Haiwezi kuwa zote mbili. Kibali ni kimoja.”

“Basi iambie yenyewe.”

Fundi akatoa pini mdomoni, akamweleza. Mama mkwe alikuwa anafuatilia tamthilia ya bibi harusi aliyetorokwa na bwana harusi mlangoni pa ukumbi, akaapa kwamba hatavua shela mpaka ampate. Mwanzo wa tamthilia ulitoka kwenye kanda. Katikati ya mkasa, kanda zikapitwa na wakati, na sehemu zilizobaki zikatoka kwenye diski. Hapo zamani nyumba hiyo ilikuwa na deki mbili na runinga moja, na kila mara nyaya zilipochomolewa huku na kuchomekwa kule, Bibi na wajukuu walinuniana kutwa nzima. Fundi alishona kola za sare mpaka vidole vikaota sugu, akanunua hii. Tangu hapo nyumba ilikuwa na amani.

“Ukinichukulia deki, Bwana Mkaguzi,” alimalizia, “mchukue na mama mkwe.”

Kifungu alisikitika kweli, lakini sheria ni msumeno. Mtambo usiokuwa na kibali chake hutaifishwa. Alieleza pia, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha sheria, kwamba kielelezo hakihamishwi kikiwa kinafanya kazi. Bibi aliposikia hayo akatia kanda nyingine. Kifungu akasimama akingoja iishe. Bibi akamwambia, “Mwanangu, kaa, unanitilia kivuli.” Akakaa.

Kanda ilipoisha, Kifungu aliuliza, kwa sababu za kiofisi tu, kama yule mdogo wake bwana harusi alijua alikokwenda kaka yake. Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza kwa macho ya heshima.

“Sasa unauliza maswali ya maana,” akasema.

Jioni ile Kifungu alipiga simu kwa Mkurugenzi wa Idara, akaeleza kwamba shauri ni zito na linahitaji wataalamu. Mkurugenzi, aliyekuwa anafunga safari ya semina ya uwajibikaji, akaidhinisha. Alitumwa mtaalamu wa kanda, hakurudi. Alitumwa mtaalamu wa diski amtafute wa kanda, naye hakurudi. Ikabidi aende mwandishi wa kumbukumbu za kikao, kisha mtunza muhuri, maana kumbukumbu bila muhuri ni porojo, kisha dereva wa kuwarudisha wote, ambaye alipata nafasi nzuri karibu na feni. Kabla wiki haijaisha, idara nzima ilikuwa imekaa sebuleni kwa Fundi, naye Fundi amehamishia cherehani yake koridoni, anapachika vifungo huku shingo ameielekeza mlangoni.

Wananchi wenye shida zao hawakuchelewa kujua. Walianza kuja mmoja mmoja, kisha kwa foleni. Na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo wataalamu wa utumishi hawajalieleza mpaka leo. Kanda ikifika mwisho lazima irudishwe nyuma, na wakati mashine inakoroma ikirudi mwanzo, watumishi hawakuwa na cha kutazama. Basi walifanya kazi. Faili zilifunguliwa, mihuri ikagongwa, watu wakaondoka na vibali vyao wakidhani wameota. Mzee mmoja aliyefuatilia kibali chake tangu enzi za mkurugenzi aliyetangulia alikipata kabla kanda haijafika nusu, akakaa chini kwa kizunguzungu.

Kazi iliharibika kidogo tamthilia ilipoingia kwenye diski, kwa kuwa diski hairudishwi nyuma. Foleni ikanung'unika. Bibi, mwenye rimoti, akalimaliza tatizo bila semina. Kila alipowaonea watu huruma, aliisimamisha picha. Bibi harusi anaganda mkono hewani, watumishi wanagonga mihuri kwa pupa, na Bibi anaangalia kwamba mgonjwa na mwenye mtoto mgongoni wametangulia. Mtu akimruka mwenzake, Bibi anaachia picha iendelee, na mrukaji anashughulikiwa na foleni yenyewe.

Kifungu hakuwahi kuwa na furaha namna ile. Alikuwa na kiti chake. Watu walimtengea.

Mkurugenzi aliporudi kutoka semina alikuta ofisi zote ziko wazi na hamna mtu. Aliulizia, akaelekezwa, akafika kwa Fundi akiwa amevimba. Mlangoni alijitambulisha kwamba yeye ndiye Mkurugenzi. Mama aliyekuwa mbele yake kwenye foleni akamwambia kwa upole kwamba kila mtu hapo ana haraka. Akapenya kwa mabega mpaka ndani, akatamka kwamba mtambo wenye midomo miwili ni dharau kwa sheria yenye kibali kimoja, na kwamba ataupeleka nyumbani kwake mwenyewe, kwa usalama wake. Usalama huo kila mtu aliuelewa.

Wakati huo bibi harusi alikuwa ameishika kamba ya kengele ya nyumba moja ya ghorofa, na nyuma ya mlango nyayo zinakuja. Mkurugenzi akachomoa waya.

Kifungu, mtu wa kutii maisha yake yote, aliinuka kwenye kiti chake.

“Mzee,” akasema, “kielelezo kilikuwa kinafanya kazi. Kifungu kinakataza.”

“Kifungu kimekunywa chai nyumbani kwa mtuhumiwa,” Mkurugenzi akajibu, akabeba deki kwapani na kuondoka.

Fundi hakulia. Alikaa kwenye cherehani bila kuikanyaga. Bibi yeye alitia rimoti kwenye mkoba, akaulizia viatu vyake. Mkwewe alipomuuliza anakwenda wapi, alijibu kwamba anakwenda kwa Mkurugenzi, kwa kuwa mlango ule bado haujafunguliwa. Watumishi wakamtazama. Wakainuka. Foleni ilipoona watumishi wanaondoka, nayo ikaondoka, kila mtu akilinda nafasi yake.

Mkurugenzi alikuwa ameiacha deki kwake, akapita kunywa kitu baridi kwa rafiki. Aliporudi alikuta foleni imeanzia barabarani, imepita getini, imeingia ndani juu ya zulia. Kwenye kiti chake alikaa mtunza muhuri. Mke wake, ambaye Bibi alikuwa ameshamsimulia mambo ya kwenye kanda na kumwanzishia diski upya, alikuwa na rimoti mkononi na machozi mashavuni. Mkurugenzi akaamuru deki iondolewe mara moja.

“Inafanya kazi,” mkewe akasema bila kumtazama. “Nimeambiwa kuna kifungu.”

Mkurugenzi alimwita Kifungu pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini afanye nini ili watu hawa watoke nyumbani kwake. Kifungu akamweleza kwamba mtambo ukipata kibali hurudi kwa mwenyewe, na kibali kinatolewa pale pale, kwa foleni. Mkurugenzi akazungumza na foleni. Foleni ikamwonyesha mwisho wake. Akaenda nyuma kabisa, kando ya pipa la taka, akasimama na kusubiri Bibi amwonee huruma.

Kibali kilitoka jua likielekea kuzama, kabla picha haijafika tena kwenye mlango ule: nusu nyekundu, nusu bluu, kimegundishwa katikati, chenye jina la Fundi. Dereva hakupatikana kwa kuwa alikataa kutoka mbele ya runinga mpaka picha iondoke yenyewe, kwa hiyo Mkurugenzi aliibeba deki kwa miguu. Nyuma yake walifuata watumishi, nyuma ya watumishi wananchi, na nyuma kabisa Bibi na mke wa Mkurugenzi, wameshikana mikono, wanabishana kama bwana harusi anastahili kusamehewa.

Fundi aliipokea deki mlangoni, akaikagua kwanza pande zote mbili kama anayekagua mtoto aliyerudi safari, ndipo akaichomeka. Watu wakaingia. Mkurugenzi alipotaka kuingia, Fundi alimwambia, kwa masikitiko ya kweli, kwamba ndani pamejaa, ila akipenda kuna dirisha.

Akaenda dirishani. Alichoweza kuona ni kisogo cha mkewe. Ndani kengele ililia, nyayo zikaja, komeo likafunguliwa, na sebule nzima ikavuta pumzi.

“Nani?” Mkurugenzi akauliza kupitia nondo. “Jamani, amefungua nani?”

Kifungu, bila kugeuza shingo, akamwambia kwamba atajulishwa kwa barua.