Asilimia Sitini na Mbili ya Mke Wangu

Magarama, Gitega

Kwa Baba mkwe wangu, Mzee Emmanuel,
Muyinga.

Baba mkwe mheshimiwa,

YAH: KUCHELEWA KWA DISKI YA MAHARI NA HATIMA YA NDOA YANGU

Shikamoo Baba. Mwamkie na Mama mkwe, na umwambie kwamba mkwewe yuko hai, ingawa anakula viazi bila mboga tangu mkewe aondoke. Naandika barua hii kwa heshima zote, nikiwa nimevaa shati lenye kola, kwa sababu sikuona vyema kumwandikia baba mkwe nikiwa na fulana.

Baba, Imelda alikuja huko Muyinga kumwona Bibi Ursula anayeumwa miguu. Mvua zilikuwa hazijaanza. Sasa mvua zinaelekea kwisha na bado yuko huko. Nilipopiga simu kumwulizia, ulinijibu maneno ambayo nimeyashika kama yalivyo: “Mkwe, Imelda iko hapa, iko bien, muzima. Mama yangu hakuona dot ya mujukuu wake, miguu ilikataa. We leta diski aone, ndo utarudi na muke wako.” Sikuyapinga maneno hayo na siyapingi leo. Bibi amemlea Imelda tangu anatambaa, ana haki ya kuiona hiyo dot, siku tuliyomtolea mahari.

Ninachopinga ni uvumi. Nimesikia kwamba Shangazi Efrazia anasema huko barazani kuwa Kastori ni mzembe, kwamba mtu ambaye kazi yake ni kupiga video za harusi na kunakili diski za watu ameshindwa kunakili ya kwake. Baba, maneno hayo yamenichoma. Aliyechelewa si mimi, ni kompyuta, na nitathibitisha.

Kwanza nikukumbushe tulikotoka. Siku ile ya mahari sikumwamini mpiga video mwingine yeyote, kwa kuwa nawajua wote na wote hutikisa mikono. Nikainuka kwenye kiti cha bwana harusi, nikaishika kamera mwenyewe. Kiti kisibaki wazi, akakikalia binamu yangu Elikana. Shangazi Efrazia akampa Elikana mkono, akambariki, na akamfunda namna ya kukaa na mke. Elikana ni mtu mwenye adabu, akaitikia yote. Kutokana na kazi hiyo nilipata diski moja nzuri sana ninayoiita diski mama. Kamera yenyewe iliibwa baadaye, kwa hiyo hiyo ndiyo mbegu pekee iliyobaki, na humo ndimo ninamopaswa kuitoa yenu. Utauliza kwa nini nisiwatumie diski mama. Baba, mama huwa hatumwi safari kabla ya watoto wake kukua.

Sasa malalamiko yangu, kwa utaratibu.

1. Kompyuta ninayoitumia ni mpakato, zile za kubeba mkononi. Waliozitengeneza walitaka ziwe nyembamba, na ili ziwe nyembamba wakazitilia kisoma-diski chembamba kinachozunguka polepole kuliko kile cha kompyuta kubwa ya mezani. Tena kisoma-diski ni kimoja tu. Lazima kwanza kiisome diski mama, kiyahifadhi yote ndani ya mashine, kisha nitoe mama, niweke diski tupu, kianze upya kuandika. Nauliza, wembamba huu ni wa faida gani kwangu? Mimi si msafiri. Kompyuta yangu imesafiri mara moja tu, kutoka Magarama hadi Musinzira, na safari hiyo nitaieleza. Ni dhahiri kwamba watengenezaji waliwafikiria wafanyabiashara wanaopanda ndege, hawakuwafikiria wakwe.

2. Ina kumbukumbu ndogo, ile ambayo mafundi huiita ramu. Kumbukumbu hiyo ndiyo beseni ambalo picha hupumzika zikisubiri kwenda mbele. Likiwa dogo, mashine huchota kidogo, hupeleka, hurudi, huchota tena. Nimeitazama kwa macho yangu ikimchukua Mama mkwe kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake, kisha ikasimama ikimfikiria. Alibaki ameinama nusu, hajakaa wala hajasimama, muda wa kutosha mtu kuchemsha chai na kuinywa. Naomba radhi kwa mgongo wake.

3. Umeme. Kompyuta mpakato ikiwa kwenye betri hujibana matumizi, hupunguza mwendo wa kila kiungo chake ili chaji idumu. Ikiwa kwenye umeme hukimbia, lakini umeme nao una ratiba yake ambayo sisi wa Magarama hatujawahi kuonyeshwa. Na ole wako betri ikiisha wakati diski tupu iko katikati ya kuandikwa. Diski hiyo imekwisha, haifai hata kufunikia kikombe, kwa sababu ya lile tundu la katikati. Ninazo nyingi. Nimezitundika shambani kutishia ndege, na ndege wamezizoea.

4. Joto. Kisoma-diski kikizunguka sana, mashine hupata homa, na ikipata homa hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Nilipeleka kompyuta kwa rafiki yangu kule Musinzira, ambako nyumba yake ina sakafu baridi. Haikusaidia. Nikairudisha, nikaiweka juu ya gunia la maharage mliyotupatia siku ya kumuaga Imelda, nikitumaini maharage yatanyonya joto. Yamenyonya, Baba. Maharage ya juu ya gunia sasa yanaiva upesi kuliko ya chini. Hilo silalamikii, nalitaja tu ili ujue kwamba mkweo amejaribu kila njia ya kisayansi.

5. Hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu nafika kwenye familia.

Hata kama mashine ingekuwa nene, yenye ramu ya kutosha na iliyolala juu ya barafu, bado ingekutana na hotuba ya Baba mdogo Egidius, msemaji wenu. Namheshimu. Hakuna mtu Muyinga nzima anayejua kuzungumza ng'ombe kama yeye. Alianza na ng'ombe wa babu yake, akaja kwa ndama wao, akaeleza rangi, akaeleza pembe, akaeleza ng'ombe mmoja aliyekataa kuvuka mto na sababu zake za kukataa. Sisi sote tuliokaa pale tukinywa impeke, pombe yetu ya mtama, kwa mirija tulijua kwamba ng'ombe wale ni wa maneno, ni heshima ya mahari na si mifugo ya kuswagwa. Lakini kompyuta haikulelewa Burundi. Yenyewe inamnakili kila ng'ombe kwa uzito wake kamili. Nimepima: kila ninaponakili, mstari wa kuonyesha maendeleo hutembea vizuri kwenye salamu, hutembea vizuri kwenye dua, ukifika kwa yule ng'ombe wa mtoni unasimama. Ng'ombe amekataa kuvuka hata ndani ya diski.

6. Kwa sababu hiyo naomba kikao cha familia mbili. Upande wenu msemaji awe Baba mdogo Egidius, kama kawaida. Upande wa kompyuta, kwa kuwa haina wazazi hapa nchini, itasemewa na jirani yangu Twaha, fundi wa simu na redio, Mwislamu mcha Mungu asiyekunywa, kwa hiyo atakumbuka yote yaliyosemwa. Baba mdogo aombwe kwa upole kuwapunguza ng'ombe. Asipokubali, naomba mahari itolewe upya, safari hii kwa mpangilio ambao mashine inauweza: bibi harusi atoke kwanza, wazee wakubali kwa kichwa, watu wale chakula, na ng'ombe waje mwishoni, baada ya mimi kuzima kamera. Baba mdogo anaweza kuendelea kusema hata hadi asubuhi, hakuna kitakachoharibika.

7. Ikiwa kurudia mahari ni vigumu, ninalo ombi jepesi zaidi, na ndilo lililonifanya nivae shati. Baba, ulisema diski ikifika, mke anarudi. Huo ni uwiano, na uwiano una hesabu zake. Leo hii, ninapoandika, mstari wa kompyuta unasoma asilimia sitini na mbili. Sehemu hiyo ipo, imeshaingia, haiwezi kukanushwa. Basi ni haki nipewe asilimia sitini na mbili ya Imelda. Nimegawa wiki, inaangukia Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa kidogo, kifungua kinywa tu. Baada ya chai nitampandisha gari mwenyewe, kupitia Karusi, na mtakuwa naye huko hadi Jumapili. Mstari ukipanda, siku zinapanda. Ukishuka, kwa kuwa mashine hii ina tabia ya kuanza upya bila kuaga, nitamrudisha bila ubishi.

8. Na kama mila haziruhusu mke wa mafungu, niko tayari kuweka dhamana. Mchukueni Elikana. Anakula kidogo, ameshabarikiwa na Shangazi Efrazia, na mafundisho yote ya ndoa anayo yeye. Mimi sikuyasikia, nilikuwa nalenga kamera. Huenda hata makosa yangu ya nyumbani yanatokana na hilo, na ningeomba kikao kilitazame pia.

9. La mwisho si lalamiko la mashine. Nyumba ni kubwa, Baba. Tulipoipanga, Imelda alisema ni ndogo na mimi nikakubaliana naye. Sasa napita kutoka chumba hadi chumba nikitafuta ule udogo. Sijui kama kuna kiungo cha kompyuta kinachohusika na jambo hili, lakini nimeliandika humu kwa sababu sina pengine pa kuliandika.

Kwa hayo yote, natumaini umeona wazi kwamba mkweo hana hatia. Lawama ziende kwa wembamba, kwa ramu, kwa betri, kwa joto na kwa mto ule usiovukika. Nasubiri uamuzi wako kwa utulivu, ingawa si utulivu mwingi.

Nisalimie Mama mkwe, na mgongo wake. Nisalimie Bibi Ursula, mwambie asikate tamaa, diski yake imeshafika kwenye dua. Nisalimie Baba mdogo Egidius, asinichukie. Nisalimie Shangazi Efrazia na mwambie kwamba bwana harusi ni mimi. Wasalimie majirani wote waliokunywa impeke yetu na hata wale waliokuta mtungi umekauka. Na Imelda, Baba, msalimie kwa namna utakayoona inafaa mbele ya watu.

Ni mimi mkweo mtiifu, mwenye haki kamili na mashine mbovu,

Kastori
Studio ya Picha, Video na Kunakili Diski, Magarama

Nyongeza baada ya sahihi:

Baba, nilikuwa natafuta bahasha alipoingia Twaha, yule fundi, ambaye kesho anakuja huko Muyinga na ndiye angekuletea barua hii. Aliitazama kompyuta juu ya gunia lake. Hakuuliza habari ya ramu wala ya wembamba. Alisema: “Kasto, ordinateri iko bien. Iko inasoma diski inanakili, na papo hapo we uko unacheza filme kwenye diski ile ile. Jicho lake ni moja. Litakimbia huku na huku mupaka lini? Funga filme.” Akaifunga yeye. Kusoma kukaisha, akatoa diski mama, akaweka tupu, na nakala ikatoka nzima kabla sijaipata bahasha. Baba mdogo Egidius amevuka pamoja na ng'ombe wake wote, na yule wa mtoni akiwemo.

Kwa hiyo mashine haina kosa. Ni kweli kwamba kila jioni nilipoanza kunakili, nilifungua pia kipande kimoja na kukitazama, kisha nikakirudisha nyuma, nikakitazama tena. Ni pale dada zake wanapomtoa Imelda ndani. Anakuja ameinamisha uso kama inavyotakiwa. Anapoinua macho kidogo kumtazama bwana harusi, anamwona Elikana. Anashtuka. Anatafuta kushoto, anatafuta kulia, halafu ananiona nyuma ya kamera na anacheka, mbele ya wazee wa pande mbili, jambo ambalo bibi harusi hapaswi kulifanya na dada yake anamfinya kwa sababu hiyo. Sikuweza kukifunga kipande hicho, Baba. Ndicho kilichokuwa kinaikalia nyumba pamoja nami.

Sitaituma diski. Kesho nakuja nayo mwenyewe, tunapanda gari pamoja na Twaha, na bia ya kuwaombea radhi wazee nimeshaagiza. Barua hii nitakukabidhi mkono kwa mkono, maana nimeshaiandika. Mkikaa na wazee mkaniuliza nani aliichelewesha diski ya Bibi, nitainama na kukubali. Ila kabla ya kunihukumu, naomba mumwite Imelda, mumwulize kwa nini aliniangalia vile.