Kihisi cha Tano

Kwa Meneja wa Gereji,
pale penye geti la kijani, baada ya kituo cha mafuta.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU VIHISI VINNE MLIVYOVIFUNGA KWENYE BAMPA LA BINTI YANGU

Kichwa cha habari hapo juu kinanihusu mimi kuliko mtu mwingine yeyote, ingawa gari si langu.

Wiki tano zilizopita, mlipomfungia binti yangu vihisi vya kurudi nyuma, mlimpa fomu ya kujaza. Fomu inauliza: "Kwa maoni yako, vihisi hivi vina faida kwenye gari?" Chini yake kuna kisanduku cha Ndiyo, kisanduku cha Hapana, na mistari mitatu ya maelezo. Yeye hakuijaza, ana mambo mengi. Nimeikuta juu ya friji nikaijaza mimi. Nimeweka alama kwenye Hapana. Kama alama imetoka nje kidogo ya kisanduku, lawama ni za kalamu. Ile mistari mitatu haikunitosha hata kwa salamu, ndiyo maana naambatisha barua hii.

Kwanza unijue. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa naongoza ndege. Simaanishi zikiwa hewani, huko wana watu wao. Mimi ni yule mtu anayesimama chini, mbele ya ndege, na vibao viwili vya rangi ya chungwa mikononi, akiileta taratibu mpaka gurudumu la mbele likae juu ya mstari. Ndege ya tani sabini, Ndugu Meneja, na rubani mwenye mistari minne mabegani, wote walinisubiri mimi niseme. Nilistaafu salama. Iligongwa ngazi moja tu, na ile ngazi haikutakiwa kuwa pale.

Mke wangu alipofariki nilihamia kwa binti yangu mkubwa. Yeye ni mfamasia, ana mume mpole na uwanja mwembamba: kulia ukuta, kushoto tangi la maji, nyuma geti. Gari huingia kwa mbele na hutoka kwa rivasi. Kwa miaka minne, kila asubuhi saa moja kasoro robo, nilisimama nyuma ya gari lile na vibao vyangu nikalitoa. Mtaa mzima unaniita Mzee Njoo-Njoo, na jina hilo sijawahi kulikataa. Ndipo ninyi mkaingilia kati na drili yenu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Vihisi vyenu havina sifa za kazi. Mimi niliitwa kwenye usaili, nikapimwa macho, nikawekwa kwenye majaribio miezi sita. Hivi vimetolewa kwenye boksi, bampa likatobolewa matundu, na siku hiyohiyo vikakabidhiwa gari lenye mtu ndani. Fundi wako, yule mnayemwita Mtaalamu, alipolirudisha gari nyumbani nilimuuliza kama vina cheti. Akanijibu kwamba vina waranti ya mwaka mmoja. Sikuwa nimeuliza vitaharibika lini. Huyohuyo Mtaalamu aliziinamia zile alama tatu za kugongwa upande wa kushoto wa bampa, akaguna, kisha akaniangalia. Naomba iingie kwenye kumbukumbu zenu kwamba alama zile zimesababishwa na tangi la maji.

2. Havijui kuongea. Neno lao ni moja: ti. Kitu kikiwa mbali, ti. Kikikaribia, ti-ti-ti. Kikiwa karibu kabisa, tiii, basi, vimemaliza mkutano. Kuna nini nyuma? Ti. Kiko kushoto au kulia? Ti. Ni ukuta au ni mzazi? Ti. Mimi nilikuwa nasema: njoo, njoo, kata kulia, kata tena, nyoosha, ngoja mtu wa baiskeli apite, msalimie, haya njoo taratibu. Hiyo ndiyo lugha.

3. Vinaogopa pasipo na hatari, halafu penye hatari vinanyamaza. Wiki ya kwanza vilipiga kelele kwa sababu ya majani yaliyoota kando ya geti. Mvua ikinyesha sana vinalia vyenyewe, hakuna aliyevigusa. Basi Jumamosi iliyopita nikaamua kufanya jaribio la haki. Nyuma ya gari niliweka kigoda cha jikoni, kile kifupi, nikamwomba mkwe wangu arudi nyuma kidogo. Vihisi vikakaa kimya. Kigoda hatunacho tena. Mkwe wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akikikalia anapofunga viatu, alishuka akatazama vipande, akasema pole baba, kisha akauliza kwa adabu zote ni nani aliyekiweka pale. Nilimwambia hilo si swali la msingi.

4. Vimeharibu mtaa. Jirani yetu ni mama mmoja fundi cherehani, na dirisha la chumba chake linatazama geti letu. Kwa miaka minne aliamka kwa sauti yangu. Nilipomuuliza hali ikoje tangu nisimamishwe, aliniambia siku hizi analala hadi saa mbili, na kichanga chake hakishtuki tena asubuhi. Unaona mwenyewe tulipofika. Mwanamke aliyekuwa na ratiba yake sasa analala tu, na anasema hivyo huku anacheka, maskini.

5. Leo ni bampa, kesho ni nyumba nzima. Mkwe wangu ni mtu wa kusoma maelekezo ya vifaa mpaka ukurasa wa mwisho, na tangu vihisi vije naona amenogewa. Ameshaleta birika la umeme linalojizima lenyewe, ambalo limemfukuzisha kazi mtu aliyekuwa anakaa jikoni kusubiri maji yachemke. Mtu huyo ni mimi. Juzi nilikuwa narudi nyuma kutoka mezani na sahani mkononi, nikamkuta ananitazama kiunoni kama anayepima pa kutoboa. Sasa jiulize mwenyewe. Akifunga cha kusema mgeni amefika, nani atainuka kumpokea mgeni? Akifunga cha kumwambia kwamba mke wake amekasirika, atamtazama usoni kwa sababu gani? Tutafika mahali kila mtu yuko chumbani kwake, na wakikutana kwenye korido wanaliliana ti ili wasigongane, wanapita. Mimi sitakuwepo, lakini nataka iandikwe kwamba nilisema.

6. Hili la mwisho ndilo linaloniuma, na nitaliandika polepole.

Ili binti yangu anisikie, ilibidi ashushe kioo. Na kioo kikishuka watu huongea. Zilikuwa dakika tano, siku nyingine sita, gari linakwenda na kusimama, linakwenda na kusimama. Ni kwenye dirisha lile nilipojua kwamba mgongo unamsumbua. Ni pale aliponiambia amekosana na mumewe, na siku ya tatu akaniambia wamepatana, mambo ambayo mtu hawezi kumweleza baba yake mezani wakati mume mwenyewe amekaa hapohapo anapuliza uji. Na mimi nilikuwa namwambia ya kwangu: kola imejikunja, umesahau sweta, tairi la nyuma limepungua upepo, jana nimemuota mama yako. Jioni anarudi amechoka, na mtu aliyechoka mimi simsumbui.

Sasa kioo hakishuki, kwa sababu lazima asikie ile ti inayolia ndani. Ananipungia mkono akiwa nyuma ya kioo, kama abiria. Abiria wamenipungia miaka thelathini na mmoja na sikuwahi kuhuzunika hata siku moja, kwa kuwa sikuwa nimewazaa. Wiki iliyopita fundi cherehani aliniuliza binti yangu anaionaje kazi kwenye tawi jipya. Nikamjibu kwamba anaipenda sana. Sikuwa na habari kwamba amehamishwa. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za mlangoni na vibao vyangu, na sikujua niviweke wapi.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, kama vihisi vyenu vimechukua kazi yangu, vichukue yote. Viwe vinamuuliza kama amekunywa chai. Viwe vinaitambua sauti yake ya siku ambayo hakulala vizuri. Vikishindwa, naomba mnitekelezee moja kati ya haya:

(a) Mvitoe, mzibe matundu yote manne, na rangi ifanane.

(b) Kama hilo haliwezekani, kile kinacholia mkihamishie nje ya gari, ili alazimike kushusha kioo ndipo akisikie.

(c) Kama na hilo ni gumu, mnisajili mimi kuwa kihisi cha tano. Sihitaji waya wala tundu. Nahitaji cheti chenye muhuri wa gereji cha kumwonyesha mkwe wangu. Waranti yangu pia iwe ya mwaka mmoja, ingawa kwa umri huu sitawabana sana kwenye hilo.

Nisalimie Mtaalamu. Mwambie sina kinyongo naye, ila kule kuguna sijakusahau. Nisalimie dada wa mapokezi mwenye mwandiko mzuri, na mlinzi wenu wa getini, ambaye nasikia bado anaongoza magari kwa mkono. Mwambie ajihadhari na ninyi. Wasalimie na wateja wote wanaorudi nyuma bila kugeuza shingo, kila mmoja kwa nafasi yake.

Ni mimi ninayesimama nyuma yenu kwa nia njema,

Mwongoza ndege mstaafu,
kwa sasa mwongoza gari aliyesimamishwa kazi bila barua.

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena.

Gereji yenu iko njiani kwake. Kwa kuwa nilikuwa nimenuna na sikutaka kumpa barua mkononi, asubuhi hii nilikwenda kuibana chini ya waipa ya kioo cha nyuma, aikute mwenyewe aje kuwapa. Sikujua kwamba ameshaingia ndani na amewasha. Nilitokea upande wa tangi, na hapo gari lilikuwa upande wa jicho langu la kushoto. Jicho hilo, Ndugu Meneja, huu ni mwaka wa pili linaona kana kwamba mbele yake kuna pazia la bafuni. Sijamwambia mtu. Tangi la maji halijawahi kusogea popote. Zile alama tatu, aliyesema njoo ni mimi.

Taa za rivasi sikuziona. Wala sikusikia kitu, kwa sababu ti inalia ndani. Aliyesikia ni yeye. Gari lilisimama shubiri moja kutoka kwenye goti langu. Alishuka na kiatu kimoja, akanishika mikono yote miwili akaigeuzageuza, na mimi nikasubiri kugombezwa. Hakunigombeza. Alisema jicho langu analijua tangu alama ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini basi nilipomwambia njoo mara ya pili na ya tatu alikuja, na huku analiona tangi kwenye kioo cha pembeni. Akasema bampa linanyooshwa, baba. Vihisi hakuvifunga kwa ajili ya bampa. Alikuwa anaogopa kwamba iko siku atarudi nyuma na mimi nimesimama pale simwoni. Na kile kioo alikuwa anakifunga ili asikie vizuri kama mimi niko karibu.

Amechelewa kazini. Tulikaa kwenye ukingo wa buti mpaka fundi cherehani akachungulia dirishani kuona kuna nini. Tawi jipya halipendi, lile la zamani lilikuwa na watu wake. Mgongo unaendelea vizuri.

Kwa hiyo vihisi msiviguse. Maombi (a), (b) na (c) nimeyaondoa yote, na Mtaalamu mwambie aliguna kwa haki. Jumatano binti yangu ananipeleka kliniki ya macho. Nitakaa kiti cha mbele, na kioo cha upande wangu nitakishusha mwenyewe.

Ile fomu nayo tumeirekebisha. Kumbe alama niliyoiweka haikuingia kwenye kisanduku chochote, iliangukia pembeni kabisa. Nimemwomba anijazie yeye. Aliiegemeza kwenye usukani, akaweka alama kwenye Ndiyo, na kwenye mistari mitatu ya maelezo akaandika maneno matatu. Nilimwomba anisomee. Ameandika: Baba bado yupo.