Tovuti Iliyokula Mtamba wa Soila

Kasaine ole Sitonik,
Endulen, Ngorongoro.

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Michezo.

Ndugu Mhariri,

YAH: USHAURI WAKO KWA WANAOANZA KUBETI, NA MKE WANGU KUONDOKA

Natumaini u mzima, watoto wazima, na mifugo yako, kama unayo, imepata majani. Sisi hatujambo, ukimwacha mke wangu Soila, ambaye yuko kwa baba yake tangu mnada uliopita na hapokei simu yangu. Hilo ndilo linaloniandikisha barua hii, na nitajitahidi kutumia lugha ya adabu ingawa nimekasirika sana.

Makala yako ya kumfundisha anayeanza namna ya kuchagua tovuti salama ya kubeti ilinifikia ikiwa imefungia vitunguu vya Mang'ola, kutoka duka la jirani yangu Vedasto. Niliisoma yote. Mimi si mtu wa kukurupuka, Mhariri. Hata ng'ombe sinunui kabla sijamuuliza muuzaji ametoka boma gani na ni wa rika gani. Nikafuata maneno yako moja baada ya jingine, na haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Uliandika kwamba tovuti salama huwa na alama ya kufuli. Tangu nizaliwe sijaona kufuli kwenye boma la watu waaminifu. Sisi tunafunga zizi kwa miiba, na miiba hiyo ni ya fisi, si ya jirani. Penye kufuli pana mwizi, ama ameshakuja ama anasubiriwa. Nikasita. Halafu nikajisemea, huyu ni msomi, labda mwizi yuko nje. Kumbe mwizi alikuwa ndani, na mimi ndiye niliyefungiwa naye!

2. Uliandika niwajaribu kwanza watu wa huduma kwa wateja. Akanijibu dada anayejiita Antonia, hata sijanyanyua kidole kwenye simu. Nikamsalimu kama mtu anavyosalimiwa: baba yake, mvua ya kwao, ndama. Akasema habari Kasaine, nikusaidie nini leo. Nikamuuliza ukoo wake. Habari Kasaine, nikusaidie nini leo. Nikamuuliza hiyo tovuti ni ya rika gani, maana mimi ni Korianga na sichezi na watoto. Jibu lile lile. Nikasema huyu binti amelelewa, hatoi siri za nyumba ya watu. Nikamwamini kabisa.

3. Uliandika kwamba tovuti nzuri humkaribisha mgeni kwa bonasi. Kweli, nilipojiandikisha tu nikapewa bonasi ya kutosha mbuzi. Hapo ndipo jambo lilipokuwa zito, na sidhani kama nyinyi wa mjini mnalielewa. Kwetu mtu akikupa mbuzi hamuitani tena majina. Yeye anakuita Pakine, wewe unamwita Pakine, mpaka mmoja wenu azikwe. Nikamwandikia Antonia kwamba kuanzia leo tovuti ni Pakine wangu. Na ukipewa mbuzi huwezi kukaa kimya kama mtu asiye na mifugo. Nikauza mtamba mwekundu, nikampelekea Pakine pesa yote kwa simu.

Mtamba alikuwa wa Soila. Baba yake alimpa siku anatoka kwao, na kwa mila yetu ng'ombe wa mke haguswi mpaka mwenyewe akubali. Najua. Nilitegemea kumrudishia wawili kabla hajatoka kisimani.

Halafu nilipotaka kuichukua ile bonasi, nikaambiwa si yangu mpaka niichezee mara thelathini. Jamani! Nani hapa duniani anakupa mbuzi, kisha anakuambia umzungushe zizi mara thelathini ndipo awe wako?

4. Timu niliyoichagua ni ile uliyoisifu wewe. Baada ya mechi Vedasto akaitazama simu yangu akasema mkeka umechanika. Nikamwambia pole, maana mimi silalii mkeka, nalalia ngozi, nikadhani ni wa kwake. Ikabidi anieleze kwamba mkeka ni mechi nilizochagua, na ukichanika umeliwa. Nikamuuliza nani kanila. Akanionyesha tovuti. Pakine hamli Pakine mwenzake, Mhariri. Hata fisi wana utaratibu.

5. Ushauri wako wa mwisho ulianza hivi: zaidi ya yote, kama ni mali usiyoweza kuipoteza, usithubutu. Hapo karatasi ikaisha, kwa kuwa kipande kilichobaki Vedasto alikichana kufungia tumbaku. Nikamalizia mwenyewe: usithubutu kuiweka nusunusu. Nikaiweka yote. Neno zito namna hiyo unaliwekaje chini ya ukurasa, mahali panapochanika?

Soila hakupiga kelele. Alisimama zizini jioni ng'ombe walipoingia, akamwita mtamba wake, akaita tena. Kisha akaniambia kwamba ningemwomba angenipa. Akachukua mtoto na kibuyu cha maziwa, akaenda. Maneno hayo yananiuma mpaka leo, na nyumba imepoa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Wewe ndiye uliyenikutanisha na tovuti, basi wewe ndiye mshenga. Uilete hapa Endulen pamoja na wazee wake. Ije na mtamba mwekundu, na asali ya pombe ya baba mkwe, imwombe Soila msamaha mbele ya watu. Kama haina wazee, njoo wewe mwenyewe na wazee wa ofisini kwako. Msiondoke hapo mpaka akubali kurudi nyumbani. Mpaka siku hiyo naomba usiandike habari za ligi ya Ulaya, kwa heshima ya msiba huu.

Wasalimie wote hapo ofisini, na Antonia ukimwona umwambie sina kinyongo naye.

Aliyeumizwa na makala yako,
Kasaine ole Sitonik

NB: Barua ilikuwa bado haijaenda posta, tumebishana na Vedasto. Yeye anasema Soila atarudi kabla ya mnada ujao, mimi ninasema harudi. Tumewekeana ng'ombe. Mke wangu namjua, hii ni ya uhakika, siwezi kuliwa. Kwa hiyo Mhariri, ukifika kwa baba mkwe, tafadhali usimbembeleze sana.