Panya wa Chini ya Cherehani

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Shangazi amepiga simu asubuhi nikiwa kazini, nimeinama kusoma mita ya maji kwenye ua wa watu. Anahama. Jumapili hii anasafiri kwenda kukaa na binti yake wa mwisho, aliyejifungua mapacha. Safari ya siku mbili. Nyumba anairudisha kwa wenyewe. Mita ile nimeisoma mara tatu, nambari hazikuingia.

Kisha akasema kuhusu cherehani. Haitaingia garini. Atakayemshonea gauni la safari ndiye atakayeachiwa. Akaongeza kwamba wenzangu ameshawaambia.

Wenzangu ni wawili. Dada yangu, muuguzi, aliyenitangulia kuzaliwa miaka mitatu na hajawahi kuacha kunitangulia. Na Binamu, seremala, mtoto wa Shangazi mwenyewe, ambaye kwa kuwa yule ni mama yake anadhani ana haki zaidi. Nimewawahi! Kabla ya saa sita nilikuwa nimeandika kwenye kundi la ukoo kwamba gauni nitalishona mimi, peke yangu, maana kipaji cha familia kimetua kwangu. Dada ametuma vikaragosi saba vinavyocheka. Binamu ameuliza nani atakata. Wivu tu.

Ninaitaka ile cherehani. Katika nyumba ile yote sitaki kitu kingine.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Ukweli, na uishie humu daftarini: sijawahi kushona nguo hata moja.

Si kwamba sijui. Najua theluthi. Shangazi alikuwa fundi wa sare za shule. Kila likizo Baba alitupeleka kwake, na kila likizo vitambaa vilijaa hadi kitandani, nasi tukalala juu yake. Akatugawia kazi. Binamu alikata, kwa sababu mkono wake hautetemeki. Dada alikaa kitini na kupitisha kitambaa chini ya sindano, ila miguu yake haikufika kwenye pedali. Basi mimi nikawekwa sakafuni, katikati ya miguu ya chuma, niisukume pedali kwa mikono. Ndipo nikaitwa Panya. Watoto watatu tulikuwa fundi mmoja. Shangazi mwenyewe alitia vifungo na kuvuma wimbo usio na maneno, ili tusipotee mwendo. Tulipokua kila mtu aliondoka na kipande chake.

Sasa nimeazima cherehani ya jirani na nimepata kitambaa cha buluu chenye vitone vyeupe. Imebaki kukata. Hapo imehitajika akili.

Nimempelekea Binamu kitambaa karakanani. Nimemwambia nataka kifuniko cha kiti. Akauliza kiti gani. Nikasema kirefu, chenye mikono miwili na shingo. Akatoa penseli sikioni, akapangusa maranda mezani, akaanza kuchora. Hakuuliza vipimo. Alipofika begani akasita, akasema anavyokumbuka kiti hiki bega la kushoto limeshuka kidogo. Nikasema ndiyo, ni kiti cha zamani, kimefanya kazi sana. Akasema anajua. Akakata pole pole, mkono hautetemeki hata leo.

Amedanganyika kabisa.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini nikisingizia tumbo. Nimeketi mbele ya cherehani saa tatu kamili.

Miguu: safi sana. Ilidaka mara moja mwendo uliokuwa wa mikono yangu utotoni. Mikono ndiyo iliyonisaliti. Haikujua ishike wapi, isukume au ivute. Mshono ulitoka nje ya kitambaa, ukazurura, ukarudi. Saa nne na nusu nikagundua kwamba mkono wa kushoto wa gauni nimeushona kwenye goti la suruali yangu. Nikijaribu kusimama, gauni linasimama nami.

Mke wangu amekuja na mkasi. Ameuliza kama hii ndiyo theluthi niliyokuwa nikiisema. (Anasoma daftari hili. Nalijua hilo. Ajue nami najua.) Akanikata nikatoka, kisha akaketi kufumua uzi mmoja mmoja bila kuharibu kitambaa, na nilipotaka kumsaidia akaniomba nikae mbali.

Nikakaa mbali. Nikakumbuka jinsi ilivyokuwa kule chini. Watu hukumbuka nyuso za utotoni, mimi nakumbuka miguu. Kandambili za Shangazi, ya kulia imefungwa waya. Kovu kwenye kifundo cha Dada. Vipande vya uzi vikinidondokea kichwani siku nzima. Na ule mvumo wa Shangazi ukishuka kutoka juu, nisijue anavuma kwa furaha au kwa uchovu. Sikuwahi kumuuliza. Nilidhani likizo haziishi.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Mpango wa leo ulikuwa kamili. Nimejifunga kidole cha shahada bandeji nene, nikaenda zahanati anakofanya kazi Dada. Nimemweleza kwamba gauni karibu limekwisha, limebaki la kumalizia tu, ila nimeumia. Akinisaidia kushika kitambaa kwa dakika chache nitashukuru. Fundi bado nitakuwa mimi, yeye atakuwa kama meza.

Nilisahau jambo moja. Dada ni muuguzi.

Amefungua bandeji. Amekigeuza kidole huku na huku. Kizima. Akawaita wenzake wawili waje waone kidole kilichopona njiani. Kisha akatoa sindano ya kudungia, akauliza kama nipewe ya kuzuia maambukizi au niseme kweli. Nikasema kweli. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwangu iliishia kwenye kiti cha wagonjwa.

Hapo ndipo akainamisha kichwa na kuniambia lake. Kumbe Jumatatu usiku naye alianza gauni lake kwa siri! Anashona watu walioumia, mshono umenyooka, hakuna anayelalamika. Lakini cherehani imemshinda. Mguu wake unairudisha pedali nyuma, uzi unakatika. Amekata uzi mara kumi na nne. Akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Nikamwambia hatuna chawa, tuna gauni. Akasema kesho saa kumi atakuja kwangu.

Nimekubali, kwa sharti kwamba jina la fundi ni langu. Akasema sawa, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kuniambia nimeshinda mbio.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Dada amekuja na sare ya kazi. Tukaketi wawili mbele ya cherehani moja, yeye mikono, mimi mguu. Haikuwezekana. Tumbo langu na kiti chake havienei pamoja. Tukajaribu mimi nikae pembeni nichomeke mguu mmoja. Nikapatwa na mkakamao wa paja.

Tukatazamana. Nikasema hapana. Mtu wa miaka arobaini na tisa, mwenye cheo cha msoma mita mwandamizi.

Nikaingia chini.

Kwa kweli niliingia nusu. Kichwa, mabega na mikono. Mke wangu alipita akakuta miguu yangu imetandazwa sebuleni, akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, akarudi jikoni. Nikaweka viganja kwenye pedali. Nikasukuma. Juu yangu sindano ikaanza kwenda, tak tak tak, sawasawa, na kifundo cha Dada kilikuwa pale pale, na kovu lake.

Binamu akatokea bila kualikwa. Amesema amesikia kiti kinamaliziwa leo, akaona aje kusawazisha pindo. Amekuja na mkasi wake mwenyewe, umefungwa kitambaa. Hakuna aliyecheka. Akachuchumaa karibu nami akikata nyuzi, nazo zikawa zinanidondokea kichwani.

Kisha Dada akaanza kuvuma. Wimbo ule ule. Sidhani kama alijua anavuma. Binamu akaudaka. Nami nikavuma kutoka chini, na pedali ikaenda kwa mwendo wake bila mimi kufikiri. Nililia. Waliponiuliza nikasema ni vumbi, na mke wangu akajibu kutoka jikoni kwamba nyumba yake haina vumbi.

Niliwapenda sana watu wale saa ile. Nilitaka gauni liwe refu, lisiishe.

Limeisha saa moja kasoro robo.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Gauni liko kwangu. Hilo ni kosa lao.

Tulikubaliana tukalipeleke pamoja saa nne asubuhi. Jana wakati wa kuagana nikawaambia Shangazi ameomba tuje saa kumi jioni, anapumzika. Saa nne nilikuwa mlangoni kwake, nimenyoa ndevu, gauni mkononi. Peke yangu.

Nyumba ilikuwa tupu hadi inatoa mwangwi. Imebaki cherehani dirishani. Sakafu pale chini imelika, shimo dogo la kukaa mtu. Sikuwahi kuliona nilipokuwa mdogo, kwa sababu nilikuwa nimelikalia.

Shangazi akaingia chumbani, akavaa, akatoka. Limemkaa. Bega la kushoto limetua mahali pake. Nikamwambia nimeshona mwenyewe, kuanzia kukata hadi pindo.  Alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye mshono, macho amefumba.

Akasema aliyekata ni mwanawe, maana hakuna mwingine anayejua bega lile. Akasema mkono uliopitisha ni wa Dada, haujawahi kuyumba. Kisha kidole kikafika kwenye kona ya shingo, kikasimama. Akasema na huyu hapa ni Panya. Akaniuliza kama najua alivyonijua.

Nikasema sijui.

Akasema kwenye kona mishono imekaribiana. Toka siku ile sindano ilipomchoma Dada kidole, kila tukifika kwenye kona nilipunguza mwendo kule chini, nikasikiliza kwanza. Sare zote zilizotoka nyumba ile zilikuwa hivyo, wazazi wakazisifu kwamba hazifumuki kwenye kona. Hakuniambia kwa sababu aliogopa nikijua nitaacha.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilidhani nilisukuma tu.

Mlango wa jikoni ukafunguka, wakatoka Dada na Binamu na vikombe vyao vya chai. Walifika saa tatu. Shangazi alikuwa amewaambia nitawadanganya saa. Nikajitia hamnazo, nikamshukuru Dada kwa kuja mapema.

Cherehani ameigawa. Amechukua bisibisi akaifungua mwenyewe mbele yetu. Kichwa kwa Dada. Meza kwa Binamu. Kwangu miguu ya chuma na pedali. Nikalalamika kwamba hiyo si zawadi, ni chuma chakavu. Akanishika shavu, akasema, “Panya wangu, hiyo ndiyo sehemu uliyoishi.”

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Ameondoka saa moja asubuhi na gauni la buluu. Alipunga mkono dirishani kwa muda mrefu, bega la kushoto limeshuka. Tulisimama watatu barabarani hadi gari lilipotoweka machoni. Tuliagana kwa haraka, kila mtu na kipande chake.

Miguu ya chuma nimeiweka sebuleni. Nimejaribu pedali. Inapanda, inashuka, haishoni kitu. Hakuna sauti juu yake.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Nimepata akili mpya. Safari hii mpango hauna mwanya.

Nimemwambia Dada kwamba kichwa cha cherehani kisipotiwa mafuta kila Jumamosi kitashika kutu, na mafuta yanayofaa ninayo mimi tu. Nimemwambia Binamu kwamba meza yake itapinda isipokaa juu ya miguu yake ya asili angalau mara moja kwa wiki. Wataleta vipande vyao wenyewe. Wakishazoea kuleta watachoka kubeba. Watakapochoka kubeba wataviacha. Cherehani nzima itakuwa yangu, nao hawatajua ilivyotokea!

Wote wamekubali mara moja. Dada ameuliza alete na chakula. Binamu ameuliza kama alete na ule mkasi. Wamenaswa.

Jioni Shangazi amepiga simu. Amefika salama, mapacha wanamlilia kwa zamu. Amesema kule kuna baridi, anatamani koti. Ameuliza nani atamshonea.

Nimemwambia mimi. Peke yangu.

Mke wangu ameguna, akasema sikio la kufa halisikii dawa.  Nilikuwa nimepiga magoti sebuleni, naweka mto chini ya pedali kwa ajili ya Jumamosi.