Kuhusu Mke Wangu Kuandikishwa Darasa la Kwanza

Kwako Mwalimu Mkuu, Bi. Tak Ju-hui, pamoja na heshima zote,

Mimi ni Pyo Man-seok, wa ile nyumba ya paa la bluu juu ya ghala la vitunguu saumu. Nina miaka themanini na mitatu. Nimepita vita, nimepita njaa ya kula maganda ya misonobari, nimezika ng'ombe tisa na madaktari wawili walionikataza pombe ya mchele. Wote wamekwenda, mimi nipo. Kwa hiyo usidhani unaandikiwa na mtu wa kutishika.

Nakuandikia habari za mwanafunzi wako Bok Sun-rye, miaka sabini na minane. Huyo ni mke wangu. Najua watoto wamekwisha hapa bondeni, vijana wote wako Seoul. Mlipobakiwa na mtoto mmoja tu wa kuanza darasa la kwanza, yule Ga-on, mkapita nyumba hadi nyumba kuwaandikisha bibi ambao hawakusoma, ili shule isifungwe. Mlipofika kwangu nilidhani ni mzaha. Nilicheka, nikawapa na viazi vitamu. Sasa ni Juni, vitunguu saumu viko shambani vinangoja kung'olewa, na mke wangu yuko darasani anakata karatasi za rangi.

Naomba umfukuze shule. Sababu ni hizi.

1. Basi. Mimi nilikwenda shule kwa miguu, vilima viwili na mto, viatu mkononi visije vikachakaa. Siku za theluji nilifuatwa na mbwa mwitu. (Jong-bae, niliyesoma naye, anasema walikuwa mbwa wa kinu cha mpunga. Jong-bae anasahau.) Sun-rye anafuatwa na basi la njano mpaka mlangoni. Dereva anashuka, anamfunga mkanda, anamwambia, "Bibi, leo umependeza kweli!" Mimi nani aliwahi kuniambia nimependeza?

2. Chakula. Sisi tulibeba wali na kabichi kali ya kimchi katika vikopo vya bati, tukavipanga kimoja juu ya kingine kwenye jiko la kuni katikati ya darasa. Cha chini kinapata ukoko, cha juu kinabaki barafu. Mwalimu akigeukia ubao tunagombea nafasi ya chini, kimya kimya, kwa viwiko tu. Hapo ndipo mtu anajifunza maisha. Mimi nilikuwa wa chini kila siku, darasa zima walinijua. Leo Sun-rye anapewa sinia: supu, samaki, mboga tatu na kipande cha tikiti. Akirudi ananiuliza, "Baba Dong-ho, na wewe ulikula nini?" Nilikula wali wa jana kwa maji, nimesimama.

3. Sifa. Mimi nikikosea herufi moja nilichapwa viganja mpaka nashindwa kushika kijiko, ndiyo maana mpaka leo naandika vizuri hivi, ingawa niliishia la nne kwa kuwa ng'ombe alinihitaji. Sun-rye akikosea, Mwalimu Ye-rin anampigia muhuri wa ua linalocheka, eti amejitahidi. Ua hilo amelibandika kwenye friji, juu ya cheti changu cha fahali mnene kuliko wote wilayani.

4. Kazi ya nyumbani. Aliambiwa achore familia yake. Mbwa amemchora mkubwa kuliko mimi. Nilipouliza akasema, "Mbwa amekaa karibu." Mwalimu akampa ua.

5. Ga-on. Mtoto ana miaka saba na simu shingoni, mama yake anampigia kumuuliza kama amekunywa maji. Hajui kuchoma panzi! Alikuja kwangu kufanya hesabu na Sun-rye, nikamchongea pia, ile ya kuzungushwa kwa kamba. Akaikodolea macho, akauliza, "Babu, inachajiwa wapi?"

6. Kusoma. Hili linaniuma. Miaka yote katika nyumba hii barua nasoma mimi. Juzi nilisoma ya ushirika, nikatangaza kuwa mbolea inatolewa Ijumaa. Sun-rye akachungulia begani kwangu: "Baba Dong-ho, hapo pameandikwa Alhamisi." Na siku hiyo tayari ilikuwa Ijumaa.

7. Mkutano wa wazazi. Mliniita kama mlezi wake, nikaja na tai. Mkanikalisha kwenye kiti cha mtoto na kikanikatalia kutoka, mnakumbuka. Mwalimu Ye-rin akaniambia mbele za watu, "Sun-rye ni mzuri, ila anaongea sana na Ga-on darasani." Nikamjibu, "Hata nyumbani ni hivyo hivyo." Lakini nilisema uongo. Siku hizi nyumbani haongei. Anasoma.

8. Saa sita mchana nyumba inakuwa kimya mno. Nimezungumza na mbwa, lakini nikianza tu habari za vita anatoka nje.

Kwa hiyo, Mwalimu Mkuu, chagua. Ama umrudishe mke wangu, ama urudishe jiko, fimbo na ule mto, asome kama tulivyosoma sisi. Akionja siku moja atarudi mwenyewe. Ukikataa nitaandika wilayani, na wakikataa nitaandika Seoul, na stempu ninazo. Mkifungiwa shule kwa upungufu wa mwanafunzi mmoja, hilo ni lenu.

Msalimie Mwalimu Ye-rin, dereva, wapishi, na yule bwana aliyenitoa kwenye kiti. Niliyoyasema yote atayathibitisha Guk Jong-bae wa kinuni. Mpigie kelele sikio la kushoto, na la mbwa mwitu usimuulize.

Ni mimi mwenye haki yangu,
Pyo Man-seok

Baada ya kusaini: Nasikia mwakani hakuna mtoto hata mmoja wa kuanza. Kama mna shida ya watu, mimi naweza kuja, hata Jumatatu. Lakini si la kwanza. Nianzie la tano, kwa kuwa la nne nilimaliza, nisiwe chini ya mke wangu. Penseli nimekwisha chonga. Sun-rye akiuliza, mwambieni ni ninyi mliokuja kunibembeleza, na mimi nikakataa mara nyingi. Na kama sheria inataka mtu wa kunidhamini, yupo Bok Sun-rye, darasa la kwanza. Ananijua miaka hamsini na minane, na siku hizi anajua kutia sahihi.