Koti Jeupe la Mgombea

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka. Miaka ishirini na sita nafundisha Kiingereza, na bado nasahihisha madaftari kwenye meza ya mlangoni. Kila apitaye ananipiga kiwiko. Ijumaa tunachagua mwenyekiti wa walimu, na mwenyekiti hupewa meza ya dirishani. Mwakani nastaafu. Ni sasa au basi. Mpinzani wangu ni mwalimu wa Jiografia, tunayemwita Dira. Kila asubuhi anazunguka kusalimia watu na kuwaulizia watoto wao. Mbinu za kizamani.

Jumanne, 4 Machi
Dawa yake nimeipata. Nilikuwa natafuta asili ya neno "candidate" kwa ajili ya kidato cha tatu. Kumbe limetoka Kilatini: "candidus", yaani nyeupe ya kung'aa. Warumi wa kale waliogombea uongozi walivaa mavazi meupe, ndiyo maana kila mmoja akaitwa "candidatus". Dira huvaa kaki. Ameshashindwa na hana habari. Nilimweleza mke wangu. Akauliza kama hao Warumi walikuwa wanasalimia watu. Nikarudi kwenye kamusi.

Jumatano, 5 Machi
Nguo nyeupe sina. Nimeazima koti la maabara la shemeji, mdogo wa mke wangu, anayefundisha Kemia hapo hapo shuleni. Lina doa la manjano kifuani. Si neno. Kamusi inasema Warumi walipaka nguo zao chaki zing'ae zaidi. Chaki ninayo, boksi zima. Mke wangu amesema nikimaliza kusugua, sebule nifagie mwenyewe. Nimefagia. Mgongo sina hamu nao.

Ijumaa, 7 Machi
Niliingia ofisi ya walimu nikiwaumiza watu macho kwa weupe. Feni ilikuwa imewashwa. Chaki ikaruka yote: kwenye chai ya mwalimu mkuu, kwenye miwani ya karani, puani mwa kila mpiga kura. Nikaanza hotuba kwa asili ya neno. Nilipofika kwenye Kilatini, nusu ya walimu walikuwa wanapiga chafya, na mwalimu mkuu akaniomba nifupishe. Dira alinyanyuka, akanifuta mabega kwa leso yake, akaniuliza taratibu mama yangu anaendeleaje hospitali. Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza. Nilikaribia kumpenda, nikajizuia.
Dira kura kumi na tisa. Mimi moja.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji amekuja kuchukua koti lake. Ameniapia kwamba kura yake alinipa mimi. Aliniambia hayo huku ameinama, anafunga kamba za viatu. Maskini, amehuzunika kuliko mimi. Nami nilijipigia yangu. Hizo ni mbili, na iliyotangazwa ni moja. Mke wangu alitaka kusema kitu, akaishia kutikisa kichwa. Nimepiga hesabu tangu asubuhi na jibu halibadiliki: kura imeibwa. Jumatatu nakata rufaa. Shahidi wangu ni shemeji.