Itifaki Kabla ya Maji

Mamlaka ya Mabwawa ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba, kwa mara ya kwanza katika historia ya jimbo, watu wa kijiji cha Tse-Abanyi wataarifiwa habari za maji kabla maji hayajafika. Wasilisho lilikuwa na slaidi sitini na mbili. Habari yenyewe ilikuwa kwenye slaidi ya mwisho, kwa kuwa neno zito halitangulii wakubwa.

Mama Erdoo alikaa karibu na mlango wa ukumbi, na kila mwenye mtoto nyumbani na afanye hivyo. Kitindamimba wake alikuwa amelala na surua pale ukingoni mwa mto, akiangaliwa na bibi asiyeweza kutembea. Erdoo mwenyewe, binti yake mkubwa, ndiye aliyeajiriwa na Mamlaka kubonyeza slaidi.

Mkurugenzi, Dokta Akpera, alishika kipaza sauti. Alimtambua Kamishna, mke wa Kamishna, na mwakilishi wa mtu ambaye angekuja kama asingepata udhuru. Makofi. Alipofika slaidi ya nne, "Maana ya Maji", akaingia chifu aliyechelewa. Kwa heshima yake, salamu zikaanza upya.

Mama Erdoo akasimama. "Mheshimiwa, hiyo milango ya bwawa inafunguliwa lini?"

"Swali zuri sana, mama. Jibu lipo mwishoni."

"Mwisho wa kikao au mwisho wetu?"

Watu wakaangua kicheko. Mkurugenzi hakucheka. "Mama, kaa chini. Unatuharibia mtiririko."

"We Erdoo! Mdogo wako yuko kule! Unabonyeza, au nije nibonyeze mwenyewe?"

Erdoo akabonyeza mfululizo. Dira ikapita, dhima ikapita, picha ya Mkurugenzi akikata utepe ikapita. Ukutani pakasomeka: MILANGO ITAFUNGULIWA LEO SAA NANE MCHANA. HAMENI.

Ilikuwa saa saba na nusu.

Ukumbi ukabaki viti. Mama Erdoo alikimbia kiatu mguu mmoja, akambeba mtoto mgongoni. Majirani wakambeba bibi juu ya mlango waliong'oa. Wakubwa hawakutoka. Taratibu haziruhusu kikao kuvunjika kabla ya neno la shukrani, na Mkurugenzi alikuwa bado anavishukuru viti.

Maji yakaingia bila kutambulishwa. Nje, magari ya Mamlaka yakaondoka bila madereva, la Kamishna likitangulia.

Jioni, Mama Erdoo akaja hadi ukumbini kwa mtumbwi, shemeji yake akipiga kasia. Wakubwa walikuwa meza kuu. Juu yake.

"Mama yetu, tuokoe! Haraka!"

Mama Erdoo akamwashiria shemeji atulize kasia. Akakohoa kidogo. "Kabla ya yote, naomba nimtambue mheshimiwa Kamishna, na mkewe..."

"Itifaki imezingatiwa, mama!" Mkurugenzi akalia. "Tushike mkono!"

"...na Mkurugenzi wetu mpendwa."

Chifu, aliyekuwa akining'inia dirishani, ndiyo kwanza akafanikiwa kupanda mezani.

"Loo, chifu amefika," akasema Mama Erdoo. "Itabidi tuanze upya."